Shavu la Kushoto

Jumatatu, Machi 2

Daftari hili nimepewa na muuza rangi, lina picha ya ndoo kwenye jalada. Nimeamua kuandika kwa sababu watu wa nyumbani kwangu wamekwisha kuzisikia habari zangu zote, na sasa wananimalizia kabla sijafika mwisho. Karatasi haikatizi mtu.

Niliacha shule darasa la sita, na hasara ilikuwa ya shule. Kazi yangu ni vioo vya kujitazamia: kukata, kutia fremu, kufunga ukutani, kuokoa vile vilivyoanza kuota madoa. Mji huu hauna uso wa maana ambao haujajitazama kwenye kazi ya mikono yangu.

Mawingu yamekaa. Mvua bado.

Jumatano, Machi 4

Mvua imeanza mchana, na kwa kishindo. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, kaingia dukani amelowa chapachapa, kabeba taa ya duara yenye miguu mitatu. Anaomba kona moja arekodie video zake. Kwao umeme unakatika kila wingu likipita.

"Mjomba, hapa kwako kuna mwanga hata pasipokuwa na mwanga."

Nikamwambia hilo linajulikana. Vioo vyangu hubakiza mwanga wa jana.

Ukurasa wake unaitwa Shavu Moja. Wenzake wa kazi hiyo wanapaka uso mzima, wanapiga kelele "jamani, maajabu!", na kesho yake wanasifu kopo jingine. Yeye anapaka shavu la kushoto tu. La kulia analiacha liwe shahidi. Wala hasemi nunueni au msinunue mpaka msimu uishe. Nikamuuliza ni nani mwenye subira ya kukaa kutazama shavu la mtu msimu mzima.

"Wachache, mjomba. Lakini hao wachache wananiamini."

Alilisema kama mtu anayekuonyesha shamba lake.

Alhamisi, Machi 5

Mwenye duka la vipodozi la ng'ambo ya barabara kaja na mwavuli na kopo la krimu, la rangi ya zambarau. Mikono yake inanukia vitu vitano kwa pamoja, kwa hiyo mimi namwita Marashi. Ni mtu wa adabu.

"Binti, sikulipi ili unisifie," akasema. "Mzigo huu ni mpya, wanasema unaondoa madoa yote usoni. Nataka ujaribu kwa ule utaratibu wako."

"Likiniharibu nitasema."

"Sema."

"Likinifaa nitasema vilevile, ila mvua zikiisha. Kabla ya hapo usinidai neno."

"Sawa. Ila usiwe unakunja uso kwenye video kama mtu aliyekunywa siki."

Simu niliishika mimi. Nilitulia kama nguzo, maana nimewahi kushikilia kioo cha lango la hoteli kwa mikono miwili tangu asubuhi hadi jioni mafundi wakitafuta misumari. Mpwa wangu akakaa akitazama dirisha, kitambaa kichwani, akagusa shavu la kushoto, akasema hili ndilo, lile la kulia halitaguswa. Akapaka. Ikawa imekwisha. Kazi nyepesi kuliko nilivyodhani.

Jumatatu, Machi 9

Mvua. Mteja mmoja, naye aliingia kujikinga.

Ijumaa, Machi 13

Mvua imetufungia ndani watatu: mimi, mpwa wangu, na Mama Pindo, fundi cherehani wa mlango wa pili. Kwake paa linavuja juu ya cherehani kabisa, basi kaifunika kaja kukaa kwangu. Mama Pindo ni mtu wa kicheko, na hanipi nafasi.

"Fundi, hilo kovu la kwenye paji lako," akaanza, "mwaka jana lilikuwa la chui. Juzi nikakusikia ukimwambia mteja ni la jambazi. Tushike lipi?"

"Alikuwa chui jambazi," nikamwambia. "Alikuwa anafanya kazi zote mbili."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Simu ya mpwa wangu ilikuwa inarekodi, nikaiona, na mimi nikiona kamera maneno hujipanga yenyewe. Nikachukua lile kopo la zambarau, sikulifungua, nikalinyanyua juu. Nikasema nimelipaka siku kumi tu, na chui yule akirudi leo kutafuta alama yake atanipita aende kwa mtu mwingine.

Halafu nikafanya jambo la kazi yangu. Mwanga ukikujia kutoka ubavuni unaonyesha kila shimo la uso. Ukikujia wa mbele, kutoka vioo viwili vilivyoinamishwa kidogo, unajaza mashimo yote. Nilisimama hapohapo mwanga wa vioo viwili ulipokutana. Kwenye simu paji langu lilikuwa laini kama yai.

"Haa!" akasema Mama Pindo. "Limekwenda kweli!"

Mpwa wangu akaiweka mtandaoni, chini yake akaandika: Utani wa mjomba.

Jumatatu, Machi 16

Video yangu imetazamwa na watu wengi kuliko video zote za mpwa wangu zikikusanywa. Watu wanapita barabarani wanaita, "Mjomba wa chui!" Marashi kaniletea sabuni mbili za kunukia. Mama watoto akaniuliza, "Sasa hapa nyumbani utaongea na nani?" Nikamwambia atapewa nafasi kama wengine.

Mpwa wangu hakufurahi nilivyotegemea.

"Mjomba, watu wanauliza kopo linauzwa wapi. Nami niliandika kwamba ni utani."

"Uliandika wapi?"

"Chini."

"Na chini nani anasoma?"

"Niifute?"

"Ufute? Watu wote hawa wamekuja kwako kwa ajili yangu, halafu uwafungie mlango?"

Akatazama ile hesabu ya watazamaji inavyopanda. Hakuifuta.

Jumanne, Machi 17

Mvua.

Jumamosi, Machi 21

Leo nimefunga kioo changu kikubwa. Kilitoka kwenye ukumbi uliobomolewa, unyevu ulikuwa umekila pembeni. Watu hudhani kioo huharibikia usoni. Huharibikia mgongoni, kwenye ile rangi ya fedha, na usoni unaona habari tu. Nilikata sehemu mbovu, nikaupaka mgongo upya, na sasa kiko ukutani kikitazamana na dirisha la mbele. Ni safi kiasi kwamba mwenye duka la viatu aliingia akajisalimia, na akakasirika kwa kutojibiwa.

Dirisha la mbele ndilo lenye jina la duka. Niliandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: VIOO VYA UHAKIKA. Ukiwa barabarani linasomeka vizuri. Ukiwa ndani herufi zinakaa kinyume, na wateja hunitania kwamba nimeandika nikiwa nimelala.

Giza la mvua lilikuwa zito hata taa ya duara haikutosha. Nikampa mpwa wangu wazo. Nilimwambia: simama mbele ya kioo, elekeza simu kwenye kioo, jirekodi humo. Kamera ya nyuma inaona kuliko ya mbele, na wewe mwenyewe unajiona. Akajaribu. Sura ikatoka safi, simu kaishusha kifuani isionekane, na nyuma yake dirisha langu na jina la duka langu.

Nikamwambia kuanzia leo apige zote humo, mji mzima uione kazi. Akakubali. Naandika hapa kwamba wazo lilikuwa langu, asije mtu akalichukua.

Alhamisi, Machi 26

Mpwa wangu anajikuna shavu. Nilimwambia ni mbu.

Jumanne, Machi 31

Si mbu. Shavu la kushoto limewiva, na ndani ya wekundu kuna vidoa vyeusi kama pilipili manga. La kulia liko salama. Anasema atavumilia mpaka mvua ziishe kwa sababu aliahidi hivyo, na mtu akivunja utaratibu wake mara moja ataulizwa ameuvunja mara ngapi nyingine. Ameacha kupaka lakini.

Ijumaa, Aprili 3

Mama Pindo hakufungua duka siku nzima jana. Leo asubuhi kaja kajifunika mtandio mpaka machoni, kakumbatia kile kioo kirefu nilichomtengenezea, cha wateja kujitazama wakipima nguo.

"Fundi, kaa nacho."

"Kimepasuka?"

"Hakijapasuka."

"Basi kina nini? Kioo changu hakiugui."

Akashusha mtandio. Mashavu yote mawili na kidevu vilikuwa vyeusi, vinabanduka pembeni kama karatasi iliyokaribia moto. Mpwa wangu aliinuka taa ikaanguka.

"Mama! Umepaka nini?"

"Si hilohilo kopo lenu la zambarau."

"Lakini nilisema tusubiri, mama. Kila video nimesema tusubiri mvua ziishe!"

"Wewe ulisema. Nilikusikia, sina ugomvi na wewe." Akanigeukia mimi. "Mjomba wako alisema limemfaa."

Nikamkumbusha kwamba alikuwapo. Alikuwa amekaa kwenye kigoda hikihiki, na alicheka kuliko wote.

"Nilicheka ya chui," akasema. "Ya paji sikucheka. Ile niliiona kwa macho yangu, kovu halikuwapo. Nikajua huyu mtu ana maneno mengi, ila hapa pana kitu. Ulipaka kweli, fundi?"

Nilikuwa na majibu matatu tayari. Moja lilikuwa zuri sana, kuhusu ngozi za watu wa ukoo wetu. Mpwa wangu alikuwa ananitazama, na Mama Pindo alikuwa ananitazama, na vioo vyote dukani vilikuwa na sura zao wawili.

"Kopo sikulifungua," nikasema.

"Na kovu?"

"Ulikuwa mwanga."

Akasogea akanitazama paji, kutoka ubavuni, pale dirisha linapopiga. Kovu lilikuwa mahali pake.

"Kumbe," akasema. Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha, maana kelele nazijua, naweza kuzijibu. "Wateja wakisimama mbele ya kioo, mimi niko nyuma yao na pini mdomoni. Wananiona mimi kabla ya nguo. Kaa nacho tu."

Mpwa wangu akamchukua wakaenda zahanati kwenye mvua. Daktari amesema waache kabisa, wapake dawa aliyowapa, wajikinge na jua, na kwamba Mama Pindo itamchukua miezi.

Mimi nilikata vioo vya fremu ndogo mpaka jioni. Viwili nilivikata vibaya, kwa sababu ya unyevu.

Jumamosi, Aprili 4

Mvua. Cherehani ya mlango wa pili kimya.

Jumanne, Aprili 7

Mpwa wangu amevunja utaratibu wake. Alisimama mbele ya kioo kikubwa, akajirekodi bila poda, bila kitu.

"Wapendwa, sikungoja mvua ziishe. Shavu la kushoto ndilo hili, mnaliona. Kopo la zambarau msilinunue, na mliokwisha kununua acheni leo. Ile video ya mjomba ilikuwa mchezo. Hakupaka. Niliiacha kwa sababu ilinipa watazamaji, na kosa hilo ni langu. Nimeifuta."

Nilikuwa nyuma yake nikipangusa fremu. Kosa langu hakulitaja. Nililisikia hivyohivyo.

Alhamisi, Aprili 9

Leo nitaandika taratibu, ili hata mtu aliyemaliza shule aelewe.

Marashi amezichukua picha mbili za mpwa wangu akaziweka mtandaoni bega kwa bega. Ya kwanza ni ile ya Machi niliyopiga mimi, anapaka. Shavu linalopakwa liko upande wa kulia wa picha, kama inavyokuwa unapotazamana na mtu ana kwa ana. Ya pili ni ya juzi, ile aliyojirekodi kwenye kioo. Shavu lililoungua liko upande wa kushoto wa picha, kama inavyokuwa unapojitazama kwenye kioo. Chini yake akaandika: Doa limehama! Kajipaka rangi, kasahau ni shavu lipi.

Kufika saa sita mchana mji mzima ulikuwa nayo. Mpwa wangu alinisomea maneno ya watu kwa sauti ile ya kusoma bei.

"'Wote ni walewale.' 'Na huyu ndiye niliyekuwa namwamini.' 'Kumbe ana mashavu matatu.' 'Nani kamlipa?' Huyu hapa, mjomba, ananifuata tangu nina wafuasi ishirini. Anasema, 'Nimeumia.'"

Nikavuka barabara bila mwavuli. Marashi alikuwa anamfungia mteja sabuni.

"Bwana Marashi, ile ya pili imepigwa kwenye kioo. Kioo kinabadili upande."

"Nimelifikiria hilo, fundi, mimi si mtoto," akasema kwa upole. Akatoa simu. "Ingekuwa ni kwenye kioo, maandishi yangekuwa kinyume, si ndiyo? Sasa tazama dirisha lako pale nyuma yake. Soma."

Nikasoma. VIOO VYA UHAKIKA. Herufi zimenyooka kama askari.

"Zimenyooka kwa sababu ziko kinyume!" nikamwambia.

Mteja wa sabuni akacheka. Mimi mwenyewe nilijisikia nilivyosema. Lakini ndivyo ilivyo: jina nimeliandika lisomeke barabarani, basi ukiwa ndani limegeuka, na kioo kikiligeuza mara ya pili linarudi kuwa sawa. Nilimweleza hivyo mara mbili. Nikamwambia avuke aje aone.

"Fundi," akasema, "wewe ndiye uliyesimama kwenye simu ukasema krimu yangu imeondoa kovu la chui. Nikafurahi. Leo unasema hukupaka. Kesho utasema nini? Mimi naamini macho yangu."

Nilikuwa na hoja kali sana ya kumjibu, ila ilinijia niliporudi upande wa pili wa barabara.

Jumamosi, Aprili 11

Nimejitolea kueleza mwenyewe mtandaoni. Mpwa wangu hakutaka, nikamshinda kwa maneno. Nikaeleza habari ya kioo, ya dirisha, ya herufi, kweli tupu, hakuna hata chumvi.

Sijawahi kuchekwa hivyo.

"Mjomba wa chui karudi!" "Sasa chui kaingia kwenye kioo." "Kwa hiyo zimenyooka kwa sababu ziko kinyume. Mjomba, utaniua." "Tunataka sehemu ya pili!"

Watu wamenichekea maisha yangu yote, na kila mara kichekesho nilikiweka mwenyewe na kujua kiko wapi. Hiki sikukiweka.

Jumapili, Aprili 12

Mvua. Mama watoto kaniuliza kwa nini sili. Nikamwambia nimeshiba. Akasema, "Hilo nalo ni la chui?"

Jumanne, Aprili 14

Mvua.

Alhamisi, Aprili 16

Mpwa wangu ameikunja taa yake ya duara, ameifunga kamba.

"Naufunga ukurasa, mjomba."

Nikamwambia watu husahau. Nikaanza kumpa ile habari ya siku niliyobeba kioo mgongoni kwenye dhoruba, radi ikashuka, ikajiona, ikaona haya, ikarudi juu. Huwa inamchekesha tangu akiwa mdogo. Alisikiliza mpaka mwisho kwa heshima.

"Si kwamba wananitukana," akasema. "Matusi yanapita. Asubuhi nimemwona dada mmoja katoka kwa Marashi na kopo la zambarau mkononi. Nikamwambia, dada, naomba usipake, nitazame mimi. Akanitazama shavu. Akalitazama karibu kabisa, mjomba, nikasikia pumzi yake. Akasema, 'Siku hizi mnajipaka vizuri.' Akaenda nalo."

Nilitazama taa iliyofungwa kamba.

Jumamosi, Aprili 18

Kaja mapema, taa kaiacha kwao. Kasimama mlangoni.

"Mjomba, naomba kitu kimoja, halafu ndipo nifunge."

"Chochote. Niliwahi kuombwa na meneja wa hoteli..."

"Ni hichohicho. Nyamaza."

Nikafunga mdomo nimsikie vizuri.

"Tunakwenda mubashara, watu wanaona papo hapo, hakuna kukata wala kuunga. Wewe utashika simu. Tunaanzia barabarani. Husemi neno lolote, hata salamu. Ukibanwa na kikohozi, kohoa kidogo."

Mvua ilikuwa manyunyu. Nikasimama barabarani nimeshika simu, yeye kafungua mwavuli juu yangu, si juu yake. Akaonyesha dirisha: VIOO VYA UHAKIKA, herufi zimenyooka. Nikamfuata ndani, simu haijazimwa. Akaonyesha dirisha lilelile kutoka ndani: kinyume. Halafu akanigeukia, ana kwa ana, akaweka mkono wa kushoto kwenye shavu la kushoto, hakuuondoa. Akasogea mbele ya kioo mkono ukiwa palepale. Nikaelekeza simu kwenye kioo. Shavu likawa upande mwingine wa picha, na herufi nyuma yake zikanyooka. Akarudi kwangu. Akarudi kwenye kioo. Hakueleza, alikuwa anakwenda na kurudi tu, mkono shavuni, kama mtu mwenye jino.

Maneno ya watazamaji yalikuwa yanapanda kwenye simu, nami nilikuwa nayasoma.

"Yule mjomba yuko wapi leo?"

"Si ndiye kashika simu. Yuko kwenye kioo, mtazameni."

"Mbona kimya?"

"Mjomba, sema kitu!"

Nilikuwa na mengi. Nilikuwa na ukumbi uliobomolewa, na mgongo wa kioo, na mwenye duka la viatu aliyejisalimia, na radi. Yote yalikuja yakapanga foleni nyuma ya meno. Nilijiona kwenye kioo: mtu mzima, simu mkononi, midomo imekazwa kama anayebeba maji mdomoni.

"Mjomba, sogea mlangoni," akasema mpwa wangu.

Nikasogea. Mwanga wa mlango ulinipiga ubavuni. Akaichukua simu akanielekezea paji. Sikuinamisha kichwa, sikutafuta vioo viwili. Kovu lilikuwapo lote, kuanzia nyusi mpaka nywele, na kwa kuwa leo nimejizuia kusema, nitaandika: ni la baiskeli.

"Paji mliloona laini ni hili," akasema. "Hakuna krimu iliyoligusa."

Alinirudishia simu. Maneno yalikuwa yanapanda upesi nisiweze kuyasoma yote.

"Kovu lipo!"

"Jamani ni kweli, kioo kinageuza, nimejaribu hapa kwangu bafuni."

"Mimi sijui mambo ya vioo. Ila mjomba kanyamaza muda wote huu. Basi ni kweli."

"Nimelitupa kopo sasa hivi."

"Mtu yule hanyamazi bure."

Mpwa wangu akazima. Akakaa kwenye kigoda, akacheka kidogo, halafu akafuta macho, la kulia kwanza, kisha la kushoto polepole kwa ncha ya kidole. Akasema sasa naweza kuongea.

Nikamwambia baadaye.

Jumatatu, Aprili 20

Marashi kaja asubuhi, kakunja mwavuli, kaomba aone. Nikamwonyesha kioo kwa mkono. Akanyanyua mkono wa kulia, akaushusha, akanyanyua wa kushoto. Akaligeukia dirisha, akasoma kwa shida kama mtoto wa chekechea, akakigeukia kioo, akasoma vizuri. Alifanya hivyo mara kadhaa. Sikumsaidia.

"Mke wangu alikuwa aanze kupaka wiki hii," akasema.

Jioni makopo ya zambarau hayakuwa tena kwenye dirisha lake. Ameweka vitana.

Alhamisi, Aprili 23

Mvua kidogo. Mpwa wangu kairudisha taa. Anajaribu mafuta ya nywele, upande mmoja wa kichwa. Ananipigia kelele nisiguse chupa.

Jumanne, Aprili 28

Mtu kaingia kaniomba nimsimulie ya chui. Nikamuuliza anataka kioo cha ukubwa gani.

Ijumaa, Mei 8

Jua. Mvua zimekwisha, barabara inakauka kuanzia katikati. Dirisha nimeliosha nje na ndani.

Mama Pindo kaja bila mtandio.

"Nimefuata kioo changu."

Nilikuwa nimekiweka nyuma, nimekifunika, mgongo nimeupaka rangi mpya unyevu usiuingie. Nikakibeba mwenyewe mpaka kwake. Nikakifunga mahali pake, nikapima kwa macho, nikanyoosha. Paa lake limezibwa. Akasimama mbele yake, mimi nikiwa nyuma na bisibisi.

"Haya, fundi," akasema kwenye kioo. "Nimekuwaje?"

Miaka yote Mama Pindo akiniuliza hivyo namjibu kwamba jua limetoka leo ili limwone yeye, au kwamba kioo kimeomba likizo kwa kuzidiwa. Anajua, nami najua, tunacheka.

Nikasogea upande wenye mwanga.

"Shavu la kulia limepona. La kushoto, hapa chini ya jicho, bado peusi. Na kidevuni pana alama."

"Itaondoka?"

"Sijui."

Akanitazama kwenye kioo muda kidogo. Halafu akajitazama mwenyewe, akageuza uso huku, akageuza kule, kama anayekagua mshono wa mtu mwingine.

"Chini ya jicho," akasema. "Ndivyo na mimi nilivyoona, nikadhani ni macho yangu."

Akachukua pini zake, akazipanga mdomoni moja moja. Kwa midomo iliyobana akaniambia nifungue mlango, kuna mteja anangoja kupima.

Nikafungua.